Historia ya Kigoma haikuanza mwaka 1871

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua ili niseme jambo ambalo nimelibeba moyoni kwa miaka mingi ya kufundisha Jiografia, kwanza Tabora na baadaye hapa Kigoma, na ambalo mjukuu wangu wa darasa la sita alilifufua mwezi uliopita bila kujua. Alikuwa akijiandaa kwa mtihani, akaniomba nimsikilize akitaja majibu aliyoyakariri. Swali mojawapo liliuliza historia ya Kigoma ilianza lini, naye akajibu bila kusita kwamba ilianza mwaka 1871, Stanley alipomkuta Livingstone hapa Ujiji chini ya mwembe. Nilimuuliza kabla ya hapo palikuwa na nini. Alifikiri kidogo, kisha akasema, "Babu, kabla ya hapo palikuwa na pori."

Simlaumu mtoto, na mwalimu wake naye alifundisha kilichoandikwa. Hata hivyo niliona uchungu kwamba mtoto aliyezaliwa kando ya mojawapo ya maziwa makongwe kuliko yote duniani anaamini kwamba mahali pake palianza kuwepo siku mgeni mmoja alipomwamkia mgeni mwenzake. Nilitaka kumwonyesha urefu wa hilo "pori" lake, nikajua kwamba kumtajia mabilioni ya miaka kusingemsaidia, kwa sababu bilioni haina sura kichwani mwa mtoto, na sidhani kama ina sura kichwani mwa mtu mzima. Lakini mtoto huyu amesafiri kwa treni kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma mara mbili, na urefu wa safari hiyo anaujua kwa mgongo wake. Basi nikachukua penseli.

Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma ina urefu wa takribani kilomita 1,250. Umri wa ulimwengu, kama wanaanga wanavyoupima leo, ni takribani miaka bilioni 13.8. Umri huo ukigawanywa kwa urefu huo, kila kilomita ya reli inabeba miaka milioni 11, kila mita miaka 11,000, kila sentimita miaka 110, na kila milimita miaka 11. Tukakubaliana kwamba stesheni ya Dar es Salaam ndiyo mwanzo wa ulimwengu, na kwamba mwisho wa reli hapa Kigoma ndipo tulipo leo, tukaianza safari.

Sehemu ya kwanza tuliipita haraka, ijapokuwa ndiyo ndefu kuliko zote. Katika dakika chache za mwanzo, ambazo kwa kipimo chetu hazifikii hata unene wa unywele kwenye reli, ilitengenezwa hidrojeni pamoja na sehemu kubwa ya heli iliyopo ulimwenguni. Mita 34 tu kutoka mwanzo, yaani kabla treni haijaondoka jukwaani, ulimwengu ulikuwa umepoa kiasi cha kuiruhusu nuru isafiri bila kuzuiwa, na mabaki ya nuru hiyo ndiyo yaliyonaswa mwaka 1964 huko Marekani na Arno Penzias na Robert Wilson, ambao awali walidhani antena yao ina kasoro. Tulipofika maeneo ya Pugu nyota za kwanza zilikuwa zimekwisha kuwaka. Kati ya Kilosa na Dodoma nyota zilikuwa zikizaliwa kwa wingi kuliko wakati wowote mwingine, na ndani ya nyota hizo, na katika milipuko ya zile kubwa zilipokufa, ndimo zilimotengenezwa oksijeni tunayoivuta, chuma cha reli yenyewe, na sodiamu na klorini ambazo hukutana na kuwa chumvi ya Uvinza. Nilimwambia mtoto kwamba akichota kikombe cha maji ya Ziwa Tanganyika, hidrojeni iliyomo ndani yake ilitoka na treni Dar es Salaam, na oksijeni ilipandia njiani.

Kisha tukafika Tabora, na hapo ndipo mimi mwenyewe niliposhika kichwa. Kutoka Tabora hadi Kigoma kwa reli ni kilomita 411. Dunia yetu ina umri wa takribani miaka bilioni 4.54. Piga hesabu, Ndugu Mhariri, utaona kwamba Jua na Dunia vinazaliwa treni ikiwa imesimama Tabora, pale pale ambapo reli inagawanyika, mkono mmoja ukielekea Mwanza na mwingine Kigoma. Nilifundisha katika mji ule kwa miaka kadhaa, nikapita stesheni ile mara nyingi nikiwa na mabegi na watoto wadogo, na sikuwahi kujua kwamba nasimama mahali panapofaa namna hiyo. Theluthi mbili ya safari nzima imekwisha na Dunia ndiyo kwanza inaanza. Isitoshe, mawe ya matale yaliyotapakaa Unyamwezi ni sehemu ya kitako cha kale cha bara letu, na umri wake unazidi miaka bilioni 2.5, hivyo mtoto wa Tabora anayekaa juu ya jabali kuangalia mbuzi amekalia kitu kilichokuwapo zaidi ya nusu ya maisha yote ya Dunia.

Najua kwamba baadhi ya wasomaji, waumini wa dini zote mbili zilizo kubwa hapa kwetu, wataona kwamba mazungumzo haya yanamweka Mwenyezi Mungu kando. Sioni hivyo, nami ni mtu wa ibada. Mtu aliyetangulia kueleza kwamba ulimwengu unaotanuka lazima ulianza kutoka hali ndogo mno na yenye msongamano mkubwa alikuwa Georges Lemaître, padri Mkatoliki wa Ubelgiji, katika maandishi yake ya mwaka 1927 na 1931. Alikuwa amepigana katika jeshi la nchi yake wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, vita vile vile ambavyo viliwafikisha askari wa Ubelgiji Kigoma na Tabora mwaka 1916. Padri huyo alisali na akapiga hesabu maisha yake yote, na alikataa kulitumia moja kuthibitisha au kubatilisha lingine. Nami nawaomba wasomaji wenzangu wasiwazuie watoto kupiga hesabu.

Turudi kwenye treni. Tunapokaribia Urambo, takribani kilomita 320 kutoka Kigoma, tunakutana na dalili za uhai zilizo wazi: matabaka ya mawe yaliyojengwa na vijidudu vidogo vilivyoishi majini, ambayo wataalamu huyaita stromatoliti, na mifano yake ya miaka bilioni 3.5 hivi imepatikana Australia. Jambo ambalo wengi wa wakazi wa Kigoma hawajaambiwa ni kwamba mawe ya namna hiyo hiyo, ya umri mdogo wa maelfu machache ya miaka, yamekutwa kando ya Ziwa Tanganyika, yaani kazi iliyoanza Urambo ya kipimo chetu iliendelea kufanywa hapa ufukweni kwetu karibu na mwisho wa safari. Vijidudu vya jinsi hiyo, vinavyotumia mwanga wa jua kujilisha, ndivyo vilivyoijaza hewa oksijeni, kazi iliyoonyesha matokeo yake miaka bilioni 2.4 iliyopita hivi, tukiwa tumekwisha kuipita Kaliua. Kutoka hapo mpaka tunaiacha Uvinza nyuma, kwa kilomita zaidi ya mia moja za miombo na mabwawa, karibu kila kiumbe kilichopo duniani ni kidogo mno kuonekana kwa macho. Mjukuu wangu aliuliza kama abiria hawakuchoka. Nilimjibu kwamba katika kilomita hizo ndimo seli zilipojifunza kuishi moja ndani ya nyingine, na kwamba pasipokuwapo na kazi hiyo ya kimya asingekuwapo wa kuuliza swali hilo.

Wanyama wanaanza kuonekana zikiwa zimebaki kilomita 50 na ushee. Mimea inapanda nchi kavu zikiwa zimebaki kama 43. Mijusi mikubwa ya kale, yaani dinosaria, ambayo mifupa yake ilifukuliwa Tendaguru mkoani Lindi kati ya mwaka 1909 na 1913, ikabebwa na wapagazi hadi pwani, na ambayo kiunzi chake kimoja cha mifupa kilichounganishwa kinasimama Berlin kwa urefu wa mita 13 hivi, iliishi zikiwa zimebaki kilomita 14. Nyota za Kilimia, ambazo wazee wetu wa kilimo walizitazama kujua majira ya kulima, zilizaliwa baada ya mijusi hiyo ya Tendaguru, kwenye kilomita ya tisa au ya kumi kabla ya Kigoma. Watu wengi hudhani nyota zote ni za tangu mwanzo, kumbe hizo ni changa kuliko mifupa iliyoko Lindi. Kisha kilomita sita kabla ya mwisho, miaka milioni 66 iliyopita, jiwe kubwa kutoka angani lilianguka mahali ambapo leo ni Mexico, na zama za mijusi hiyo zikakoma.

Na sasa Ziwa letu. Hapa nitakaa, Ndugu Mhariri, kwa sababu hapa ndipo nina haki ya kukaa.

Ziwa Tanganyika lilianza kutokea miaka milioni 9 hadi 12 iliyopita, yaani takribani kilomita moja kabla ya mwisho wa reli. Bara la Afrika linapasuka polepole, na mpasuko huo ulipofika kwenye kile kitako kigumu cha Unyamwezi na Usukuma haukuweza kukipasua, ukapita pembeni pande zote mbili. Mkono wa mashariki umepita Manyara na Natron. Mkono wa magharibi umepita kwetu, ukazamisha ardhi na kutupa ziwa lenye urefu wa takribani kilomita 670 na kina cha mita 1,470, la pili kwa kina duniani baada ya Baikal la Urusi. Uso wake uko juu ya usawa wa bahari kwa zaidi ya mita 750, lakini sakafu yake iko chini ya usawa huo kwa karibu mita 700. Kwa maneno mengine, mawe magumu ya Tabora ndiyo yaliyoamua kwamba Kigoma iwe na ziwa. Mto Malagarasi, ambao reli inapita katika bonde lake, ni mzee kuliko Ziwa lenyewe: ulikuwa ukitiririka kuelekea Kongo kabla ardhi haijadidimia, na hata leo wamo samaki ndani yake ambao jamaa zao wako katika mto Kongo na wala hawapatikani ziwani.

Ndani ya Ziwa wamo samaki wa ukoo wa perege wa aina zipatazo 250, na karibu wote hawapatikani mahali pengine popote duniani, wakiwemo wale wadogo wa rangi rangi wanaosafirishwa kwenda kuwekwa katika matangi ya kioo ya nyumba za Ulaya. Sababu mojawapo ya wingi huo ni kwamba Ziwa halikubaki na sura moja. Katika ukame mkubwa wa zaidi ya miaka 100,000 iliyopita, maji yalishuka kwa mamia ya mita, mabonde yakatengana, na samaki waliokuwa ndugu wakaishi mbalimbali kwa vizazi vingi hata walipokutana tena hawakuwa ndugu wa kuoana. Majirani zangu wa Kibirizi na Katonga, ambao miaka hii ya karibuni maji yamewafuata hadi milangoni, wangefaa kujua kwamba Ziwa limekuwa likipanda na kushuka tangu lilipokuwapo, na kwamba hata mwishoni mwa miaka ya 1870 lilijaa sana kabla ya mto Lukuga, upande wa Kongo, kuzibuka na kuyapeleka maji magharibi.

Kumbukumbu ya mabadiliko hayo yote imehifadhiwa chini. Kupita kina cha mita 200 hivi maji ya Ziwa hayana oksijeni, kwa hiyo hakuna mnyama wa kulifukua tope, nalo linatua tabaka juu ya tabaka, mwaka hadi mwaka, likibeba chavua, majivu ya mioto ya nyikani na mabaki ya vijani vya majini. Unene wa matope hayo katika baadhi ya sehemu unapimwa kwa kilomita. Watafiti wamekwisha kuchoma mirija katika matabaka ya juu na kusoma humo habari za mvua na ukame, na wamegundua pia kwamba joto linaloongezeka linazuia maji ya juu na ya chini kuchanganyika, hivyo chakula cha dagaa kinapungua. Wavuvi waliokaa ufukweni Ziwa lilipofungwa kwa miezi mitatu mwaka 2024 walikuwa na haki ya kuelezwa jambo hilo kwa Kiswahili chepesi, tena na ramani mkononi.

Habari za binadamu zinaanza jirani na stesheni. Nyani mkubwa wa kale kuliko wote ambao mabaki yao yanajulikana, mwenye umri wa miaka milioni 25, alipatikana katika bonde la Rukwa, kwa majirani zetu, na akatangazwa mwaka 2013. Yeye yuko kilomita mbili na robo kabla ya mwisho. Zikiwa zimebaki mita 600 hivi, ukoo wetu na ukoo wa sokwemtu unaachana njia. Sokwemtu wenyewe wangali hapa, Gombe na Mahale, na ilikuwa Gombe, mwaka 1960, ambako Jane Goodall, aliyefariki Oktoba 2025, alimwona sokwemtu akichambua kijiti na kukitumbukiza katika kichuguu ili avue mchwa, na dunia nzima ikalazimika kuacha kufundisha kwamba binadamu peke yake ndiye atengenezaye vifaa. Nyayo za Laetoli ziko mita 330 kabla ya mwisho. Fuvu alilolipata Mary Leakey Olduvai mwaka 1959 liko mita 160. Kisha, zikiwa zimebaki mita 43 tu, kuna jambo ambalo ningependa kila mwalimu wa mwambao huu alijue: kwenye maporomoko ya Kalambo, karibu na ncha ya kusini ya Ziwa hili hili, mpakani mwa Tanzania na Zambia, watafiti walifukua magogo mawili yaliyochongwa na kushikanishwa kwa mkato, na mwaka 2023 wakatangaza kwamba yana umri wa takribani miaka 476,000. Useremala huo ulifanyika kabla ya binadamu wa aina yetu kuwapo. Sisi wenyewe, kwa mabaki ya kale yanayojulikana, tuna miaka 300,000, ambayo ni mita 27, behewa moja na kipande.

Mita ya mwisho tuliipima sebuleni kwa utepe wa fundi cherehani. Ilikuwa karibu yote ni kilimo, kwa sababu watu walianza kupanda nafaka Mashariki ya Kati kabla kidogo ya mita hiyo kuanza. Maandishi yalianza Sumeri na Misri sentimita 47 kabla ya mwisho. Watu wa Uvinza walikuwa wakichemsha maji ya chemchemi katika vyungu ili wapate chumvi zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, sentimita kumi na zaidi kwenye utepe wetu, na chumvi hiyo ilitembea nchi nyingi kabla ya msafara wowote wa pembe na wa watumwa kufika kutoka Bagamoyo. Burton na Speke walipofika Ujiji Februari 1858 walikuta mji wenye biashara. Mwaka 1871 uliangukia sentimita moja na milimita nne kabla ya mwisho. Reli yenyewe, iliyofika Kigoma mwaka 1914, ilichukua sentimita moja. Uhuru wetu ulichukua milimita zisizofika sita. Mjukuu wangu aliweka ukucha wake kwenye alama ya 1871, akaangalia utepe, kisha akaangalia dirishani upande wa stesheni, na hakusema kitu kwa muda.

Ninachoomba ni mambo mawili. La kwanza ni kwa wanaoandaa masomo ya watoto wa mikoa hii: sura ya kwanza ya historia ya Kigoma iwe Ziwa, ya pili iwe Gombe na Kalambo, na Ujiji ya misafara ije mahali pake, ikisimuliwa pamoja na machungu yake yote, ambayo sitaki yapunguzwe hata neno. Sura hizo ziandikwe kwa Kiswahili, kwa maana nimewaona vijana wa sekondari wakikariri majina ya zama za kale kwa Kiingereza bila kujua kwamba wanasoma habari za ufukwe wanaoogelea.

La pili ni kwa wanaojenga reli mpya ya kisasa kati ya Tabora na Kigoma, ambayo njia yake kuu nayo imepimwa kilomita 411. Stesheni zitajengwa, na kila stesheni itakuwa na ukuta. Naomba kila ukuta uwe na kibao kimoja kinachomwambia abiria, kwa kipimo hiki au kingine kilicho bora, amefika wapi katika historia ya Dunia: Tabora panapozaliwa sayari, Urambo panapoanza uhai, na Kigoma, jukwaani, kipande cha reli cha mita moja kilichopigwa alama za sentimita ambacho mtoto anaweza kuinama akakigusa. Gharama yake ni ya rangi na mbao. Maneno ya vibao vya Tabora, Urambo, Kaliua na Uvinza nimekwisha kuyaandika, na nitayatoa bure kwa yeyote atakayeyahitaji; la Kigoma mjukuu wangu ameomba aliandike yeye.

Mwalimu mstaafu wa Jiografia,
Ujiji, Kigoma